Herufi Mbili Baada ya Saa Nane

Mashira Kela, Hadiya
Tarehe 3 Pagume

Mpendwa mdogo wangu Tamirat,

Hapana, picha haijapotea njiani. Wala usimlaumu Petros, anayetubebea barua kwa ndege, kwamba ameikalia kwenye begi. Ile picha ya dada Ayelech akiwa na joho, unayoiuliza kila ukituma sauti, haikupigwa. Nitakueleza kwa nini, ila ngoja kwanza nikusalimie kama mtu aliyelelewa, maana mama akijua nimeanza barua bila salamu atanitafuta na mwiko.

Hujambo mdogo wangu? Mwili hauna neno? Duka linakwendaje, na baridi ya huko kusini imekwisha au bado mnalala na makoti? Mkeo hajambo? Na huyo mtoto, ameshaanza kutambaa au bado anakaa tu kama mbunge, anasubiri kuletewa? Mwambie baba yake mkubwa Lodamo anamsalimia na ana pua nzuri kuliko ya baba yake.

Sisi huku wazima. Mvua zinakatika, matope yanaanza kuwa njia. Mama mzima, goti linamsumbua, mdomo haumsumbui.

Nakuandikia katika mwezi wetu wa kumi na tatu, huu wa siku tano, ambao serikali hailipi mshahara na mwenye nyumba hadai kodi. Nimeona ndio mwezi wa kusema jambo lisilo na pa kuwekwa. Naandika kwa karatasi kwa sababu sauti ya simu huku si ya mtu mmoja. Ukituma sauti, mama anasikiliza, jirani anasikiliza, hata ng'ombe anageuza sikio. Hii soma peke yako. Mwandiko uvumilie, ndio darasa la nne langu lilivyo, halijakua tangu nilipoliacha.

Sasa. Joho lilikuwepo. Unajua kazi zangu za masika. Wanafunzi vijana wakifunga chuo na kwenda kwao, wanaingia wale tunaowaita watu wa masika: walimu, wauguzi, makarani wa wilaya, watu wazima na mvi zao, kila mmoja na godoro kichwani na mwavuli kwapani, wanakuja kusoma miezi miwili ya mvua kisha warudi kazini. Mimi ndipo ninapovuna. Nakodisha mabuti ya mvua, nauza mkaa, napeleka makaratasi fotokopi, najalidi kazi zao, na mwishoni nakodisha majoho ya picha. Nina majoho kumi na moja. Lile la kumi na mbili nililiweka pembeni, halikukodishwa kwa mtu hata mmoja, limepigwa pasi, limefungwa kwenye shuka jeupe. La dada. Hata kofia nilimpima kichwa kwa kamba akiwa amelala.

Wewe uliondoka kabla hajaanza, kwa hiyo hujui alivyoanza. Ofisi ya elimu ya wilaya ilileta karatasi shuleni: mwalimu mwenye diploma, akifika mwaka mpya huu hana shahada, hatafundisha tena kuanzia darasa la tano kwenda juu. Dada alikuwa na miaka arobaini na moja. Hesabu ya darasa la tano alikuwa ameifundisha tangu wewe unavaa kaptula iliyotoboka makalio. Nusu ya waliopo ofisi ile ile ya elimu walijifunza kwake kugawanya. Ndio waliomwandikia.

Nilimwambia, "Dada, wakatalie. Waambie warudishe kwanza kugawanya kwao."

Akasema, "Lodamo, mimi nawaambia watoto kila siku wasome. Nitaanzaje kukataa kusoma?"

Basi akaenda. Masika tano, Tamirat. Masika tano hakuweka mguu kwenye shamba la mama, hakupumzika likizo hata wiki moja. Chuo kiliwapa mabweni ya vijana, vitanda vya ghorofa. Dada yako na ule mwili wake alipangiwa kitanda cha juu. Aliyelala chini yake, mwuguzi mmoja, alikuwa anaomba dua mara mbili: moja ya kulala na nyingine ya kitanda. Dada mwenyewe ndiye aliyekuwa akinisimulia hayo getini pa chuo, anacheka mpaka anashika ubavu.

Mhadhiri wao wa mbinu za kufundisha alikuwa kijana mwembamba, viatu vyeupe, hajawahi kusimama mbele ya watoto hata siku moja. Siku hiyo akawafundisha namna ya kupanga darasa la watoto arobaini katika makundi. Dada akanyoosha mkono.

"Mwanangu, na wakiwa tisini na wawili?"

Kijana akafungua kitabu, akafunga. "Hilo halimo, mama."

"Basi andika," dada akamwambia, "mimi nitakutajia."

Ukumbi mzima ulicheka, na yule kijana naye, kusema kweli, hakununa. Tangu siku hiyo alimwita Profesa. Nakutajia huyo kijana kwa sababu atarudi mbele.

Masomo yote alifaulu. Ukabaki mtihani mmoja wa mwisho, ule wa kutokea, ambao bila huo hata uwe umefaulu mengine yote hupewi cheti. Na huo unafanywa kwenye kompyuta. Nikamtafutia kompyuta kwa yule rafiki yangu wa fotokopi ajizoeze. Siku ya kwanza alikishika kipanya kama anashika panya kweli. Nikamwambia, "Dada, hakiumi." Akasema, "Kinanikimbia." Baada ya wiki mbili alikuwa anakiendesha kwa kidole kimoja huku ananisema mimi kwa mdomo.

Masomo yalipokwisha aliruhusiwa kurudi nyumbani kusubiri siku ya mtihani. Wakasema majina, ukumbi na saa vitabandikwa ubaoni hapo getini. Na getini pale ni nani anakaa kutwa? Ndugu yako. Alinipigia simu asubuhi ya tarehe ishirini na moja ya Nehase, mwezi huu uliokwisha.

"Lodamo, wamebandika?"

"Wamebandika sasa hivi, gundi bado mbichi."

"Nitafute."

Nikajipenyeza, nikatafuta. Karatasi yote kwa herufi za kizungu. Unajua mimi herufi zetu nazisoma, za kizungu nazijua moja moja tu, zile kubwa, kama mtu anayewajua watu kwa sura lakini hajui wanatoka wapi. Jina lake nililijua, maana niliwahi kulijalidi kwenye jalada la kazi yake. Nikaweka kidole juu yake nikaenda nacho pembeni. Ukumbi namba tatu. Kesho yake, tarehe ishirini na mbili. Halafu ikaja nane, na nukta mbili, na sifuri mbili. Halafu herufi mbili, A na M.

"Kesho, ukumbi wa tatu," nikamwambia. "Saa nane."

"Saa nane? Una hakika?"

"Dada, nane siijui? Ulinifundisha mwenyewe, ukasema ni kibuyu."

"Asubuhi au mchana?"

Hapa ndipo ninapotaka usome polepole, mdogo wangu. Aliniuliza. Mwalimu alishika mahali penyewe, akauliza swali lenyewe. Na mimi kwa vile mdomo wangu hauwezi kuliacha swali lipite bila kulitania, nikamjibu, "Kuna saa nane ya asubuhi wewe? Kuna saa nane ya mchana na saa nane ya usiku, na ya usiku ni ya fisi. Kama hujajiandikisha kama fisi, njoo mchana."

Akacheka. Mimi nikacheka. Watu waliokuwa nyuma yangu ubaoni wakacheka.

Nikaongeza, maana sikutosheka, "Halafu wamekuheshimu. Wamekuandika na kwa kifupi cha jina lako, kama mkurugenzi." Nilikuwa nazitazama zile herufi mbili. A, Ayelech. M, Matewos. Wallahi kama ningekuwa mwislamu ningeapa, moyo wangu ulijaa. Nikasema, leo hata karatasi ya serikali inamjua dada yangu kwa kifupi.

Sikuangalia mistari ya watu wengine. Ni nani anamtafuta dada yake halafu asome mistari ya watu wengine? Ningeangalia ningeona A na M imeandikwa kwa Birhanu, kwa Tsehay, kwa kila mtu wa karatasi ile. Mstari mmoja tu juu yake. Kidole changu kilikuwa kimeuziba.

Siku yenyewe alikuja na basi la asubuhi, akafika saa nne na nusu. Amevaa lile gauni lake la kanisani, na ile nguo nyeupe ya mabegani aliyopewa na mama. Mama alikuwa amempa mkate wa kocho na siagi kwenye jani, na alikuwa amekwisha kumfunga yule kondoo mweusi peke yake, anamlisha vizuri kwa ajili ya sherehe. Nikamwambia dada, muda tunao mwingi, twende kwa Dinknesh tunywe kahawa. Huyo Dinknesh ni mama mwenye kibanda cha kahawa mkabala na geti.

Tukanywa. Tukanywa zote tatu, Tamirat. Ya kwanza, ya pili, na ile ya tatu tunayoiita baraka. Dinknesh mwenyewe alisema mtu haendi kwenye mtihani bila baraka. Dada akawa ananihadithia atakavyorudi darasani mwake mwaka mpya, na namna atakavyoibandika picha ya joho nyuma ya mlango, wala si mbele, watoto waione wakitoka, sio wakiingia, kwa sababu wakiingia wanakuwa na usingizi. Mimi nikamfungulia shuka nikamwonyesha joho. Akaligusa kola kwa kidole, akasema, "Lifunge, lisinuke moshi."

Saa tano na kitu watu wakaanza kutoka getini. Akapita mwalimu Birhanu wa shule ya jirani, uso umelowa jasho.

Dada akamwita, "Birhanu, ulikuwa mgumu?"

"Wa kawaida. Swali la thelathini ndilo shetani." Akasimama. "Mbona sikukuona ndani?"

"Mimi ni kundi la saa nane."

Birhanu akamtazama dada, akanitazama mimi, akatazama vikombe. Akasema, "Hakuna kundi la pili, Ayelech. Tumeingia wote saa mbili asubuhi."

Dada akasema, "Sisi wengine tumeandikwa saa nane. Lodamo ameona." Akaendelea kunywa, lakini kikombe kilikuwa kimekwisha. Nililiona hilo, kwamba anakunywa kikombe kitupu.

Tulikwenda ukumbini mbio na ule uzito wake wote. Mlangoni alikuwepo yule kijana wa viatu vyeupe, anakusanya orodha.

"Profesa, ulikuwa wapi? Nilikusubiri mpaka wakanifungia mlango."

"Si ni saa nane?"

"Saa nane ya wapi, mama?" Akachomoa ile karatasi, akaweka kidole palepale nilipoweka changu. "Hii ni nane ya kizungu. Wao wanaanza kuhesabu usiku wa manane, sisi tunaanza jua likichomoza. Nane yao ni saa mbili yetu. Hizi herufi mbili hapa ndizo zinazosema ni asubuhi."

Nilikuwa nyuma yao. Mimi ni mtu wa maneno, unanijua, nimewahi kumuuzia mtu wa jangwani mwavuli. Siku hiyo nilikuwa nimekazia macho kile kidole cha kijana.

Dada akageuka taratibu. "Lodamo. Hizo herufi mbili uliziona?"

"Niliziona."

"Ukadhani ni nini?"

"Nilidhani ni wewe, dada."

Akacheka, Tamirat. Alicheka akaketi pale kwenye ngazi, anajifuta macho na ile nguo ya mama, nami nikaanza kucheka naye, nikidhani tumepona. Kumbe sivyo. Akakatisha kicheko ghafla kama mtu aliyefunga mlango, akasema, "Basi kosa ni langu. Mimi ndiye niliyekufundisha kusoma."

Ndivyo alivyosema. Na ni kweli alinifundisha yeye. Nilipoacha shule kwenda kuswaga ng'ombe wa watu, alikuwa anakata jani la mgomba wa kocho nyuma ya nyumba, ananichorea herufi kwa mwiba. Jani likikauka, somo limekwisha. Nimekaa na hiyo kauli karibu wiki mbili sasa. Angenitukana ningemrudishia utani mmoja tukamaliza. Hiyo huwezi kuitania, haina pa kushika.

Usidhani nilikaa tu. Nilikwenda ofisi ya mitihani siku tatu mfululizo. Siku ya kwanza wakaniambia andika barua ya malalamiko. Siku ya pili nikaleta, nimeiandika kwa herufi zetu. Wakasema iwe ya kizungu. Nikamwambia yule karani, "Ndugu yangu, kosa lenyewe ni kwamba sijui kizungu, sasa nilalamike kwa kizungu kwamba sijui kizungu?" Akacheka, akasema kweli, hiyo kali, lakini iwe ya kizungu. Siku ya tatu kijana wa viatu vyeupe akaniandikia mwenyewe. Jibu likaja: hakuna kurudia, asubiri mtihani wa Tir, mwezi wa tano wa mwaka mpya, ila ajiandikishe tena kwa sahihi yake mwenyewe, mwisho tarehe ishirini ya Meskerem, mwezi wa kwanza.

Kwa hiyo mlango haujafungwa, umerudishwa tu. Tatizo ni dada. Dada hataki.

Na kinachonichoma zaidi ni hiki. Nyumbani aliwaambia amefeli. Mama alipouliza, alisema hivyo hivyo, "Nimefeli, mama, nimezeeka." Hakunitaja. Mwalimu mkuu wake alipouliza, alisema amefeli. Kanisani walipomwombea, aliinamisha kichwa akaombewa kwa kufeli ambako hakufeli. Mke wa mwalimu mkuu akasema mbele za watu kwamba heri wazee wawaachie vijana. Dada akaitikia amina. Mimi nilikuwa safu ya nyuma, nimeshika kitabu cha nyimbo nacho kimegeuka juu chini. Yule kondoo mama alimfungua, akamrudisha na wenzake, hakusema neno, na mama akinyamaza ujue jambo limefika mfupani.

Mwaka mpya ukianza, darasa la tano anapewa msichana aliyemaliza chuo mwaka jana. Ana shahada, mtoto mzuri, hana kosa lolote. Amekwenda kwa dada kumuuliza namna ya kuwanyamazisha watoto tisini na wawili. Na dada amemfundisha. Yeye mwenyewe amepangiwa stoo ya vitabu. Atakuwa anagawa chaki. Miaka ishirini na tatu ya kufundisha, na kitu alichobakiza ni ufunguo.

Nikimpigia simu hapokei. Nikienda nyumbani kwake ananikaribisha, ananipa chakula, ananiuliza habari za biashara, ananiita "mgeni wangu". Si unajua namna anavyoweza kumweka mtu mbali huku anamwongezea mchuzi.

Sasa sikiliza lililonifanya nishike kalamu. Jumamosi iliyopita nilikuwa sokoni, nikanunua kolo kwa yule bibi anayeuza shayiri za kukaanga pale penye mizani. Anakunja karatasi kama pembe, anakujazia. Nikala njia nzima. Nilipofika chini ya pembe nikakunjua ile karatasi nitupe, nikaona mwandiko. Wa kizungu, sijui kilichoandikwa, lakini mwandiko wa dada nitaujua hata uandikwe kwa moshi. Ule mkia wa herufi unaojikunja, na mstari mwekundu chini ya neno.

Nikarudi kwa bibi mbio.

"Bibi, karatasi hizi umezipata wapi?"

"Kwa mwalimu Ayelech. Kaniletea gunia zima la madaftari yake ya chuo. Karatasi nzuri, nene, hazivuji mafuta."

"Zilizobaki nazitaka zote."

"Siuzi karatasi, mwanangu. Nauza kolo."

"Nipe karatasi, kolo baki nayo."

"Nikupe karatasi nitafunga na nini, na mkono? Ukitaka karatasi, nunua kolo."

Mimi ndiye dalali wa geti lote lile, mdogo wangu, na nilishindwa na bibi asiye na meno anayeuza chakula cha wenye meno. Tangu siku hiyo nanunua kolo. Asubuhi kolo, mchana kolo. Taya zinauma kama nimepigwa ngumi. Naenda kwa watu njiani nawaambia ukimaliza kula nipe pembe. Wengine wanadhani nimepata wazimu, wengine wanadhani ni biashara mpya na wananifichia karatasi zao wapandishe bei. Ukurasa mmoja niliuona mkononi mwa askari wa barabarani, nikamsalimia tu nikapita. Huo tuhesabu umekufa.

Nimepata kurasa mia mbili na kumi na nne. Nimezipiga pasi kwa ile pasi ya majoho. Zinanuka shayiri, ila zinasomeka. Taabu moja: sijui upi unatangulia upi. Nazitazama kama nilivyoutazama ule ubao, na safari hii naogopa kuweka kidole.

Nikuage sasa, karatasi inakwisha. Mama anakusalimia, anasema ule, na kwamba mke wako akukande mgongo. Mjomba Handiso anakusalimu na anauliza viatu. Dinknesh wa kahawa anakusalimia ingawa hamjuani, nilimwahidi. Birhanu pia. Dada Ayelech sikumwambia nakuandikia, lakini najua salamu zake zipo, yeye ndiye aliyekubeba mgongoni akienda kuchota maji, na jina lako bado analitaja kwa sauti ya chini kama mtu anayehesabu. Mungu akulindie duka na mikono inayolifungua. Akupe usingizi usiovunjiwa mlango, na akurudishe kwetu ukiwa na meno yote.

Sasa biashara. Najua mtu mwema halifanyii jambo kama hili biashara. Lakini mimi ni dalali, sijui njia nyingine ya kutoa kitu nje ya mfuko wangu.

Mimi natoa hivi. Petros akifika penye mtandao atakutumia picha za zile kurasa zote. Wewe uliyesoma mpaka darasa la kumi, na kizungu unakisema dukani kila siku, uniambie upi wa kwanza na upi wa pili, nitazijalidi kwa mkono wangu, jalada gumu, jina lake kamili mbele. Kamili, Tamirat. Kifupi sitaki kukiona tena maishani. Na sikukuu ya Meskel, ukoo wote ukiwa nyumbani kwa mama na nyama haijaguswa, nitasimama niseme ni nani aliyesoma ubao. Mbele ya mwalimu mkuu na mke wake, maana nimekwisha kuwaalika. Hiyo ni tarehe kumi na saba ya Meskerem. Usajili unafungwa ishirini. Mama ana siku tatu za kunipiga, na dada ana siku tatu za kutia sahihi.

Wewe unatoa simu moja. Simu zako anapokea. Mpigie siku ya mwaka mpya. Habari ya saa usimwambie unaijua, usimwombee mimi msamaha, huo nitautafuta mwenyewe na nitaununua bei yake. Mwambie tu kwamba huko ulipo watu wanakuuliza dada yako anafundisha nini, na umechoka kutojua cha kuwajibu.

Akikataa, nami Meskel nitasimama vilevile. Ndio mkataba mbovu kuliko yote niliyowahi kufunga, nalipa kabla sijapokea. Akikubali, mwezi wa Tir nitamchukua stendi mwenyewe saa kumi na moja alfajiri na kumkalisha mlangoni pa ukumbi mpaka wamfungulie, kahawa tutakunywa akitoka. Na joho bado limefungwa kwenye shuka, sijalikodisha. Picha ya kwanza ni yako, ile uliyoniuliza.

Mimi nimeshataja yangu. Taja yako.

Ni mimi kaka yako nikupendaye, wa darasa la nne,
Lodamo Matewos